Kipande Namba Kumi na Mbili

Tarehe 3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, hata kama tumepishana mwaka mmoja tu. Hamjambo wewe, shemeji na watoto? Sisi huku mjini ni wazima. Mama anauliza mguu wa mama mkubwa unaendeleaje.

Nina habari. Shule yetu inatimiza miaka sitini mwezi wa kumi, na mwalimu mkuu ameniomba niandike historia yake, kitabu kidogo cha kugawa siku ya sherehe. Nimekubali. Wewe umekuwa kwenye shamba la shule tangu tulipomaliza, miaka thelathini na moja sasa, kwa hiyo naomba msaada. Ilianzaje? Na lini kilimo kilibaki somo moja tu kati ya mengine?

Mdogo wako

Tarehe 29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa wote wazima, na mguu wa mama umepungua uvimbe. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika, sitaki kukuficha. Mwalimu mkuu ananipita kila asubuhi nikiwa na ndoo za maziwa, halafu anapiga simu mjini kumtafuta mtu aliyekaa hapa miaka minne. Nimeona wivu mpaka chai haipiti.

Haya, andika. Zizi lilianza, shule ikafuata. Wakulima wa hapa walitoa ekari arobaini, na wanafunzi wa kwanza ishirini na wawili walikuja kila mmoja na jembe lake. Walikamua kwanza, wakasoma baadaye, zizini humohumo, ng'ombe upande mmoja na ubao upande mwingine. Hesabu walifundishwa kwa lita za maziwa. Siku hizi zizi lile ni maktaba, na mvua ikinyesha bado linanuka, ingawa mtunza maktaba anakataa katakata. Kilimo kilifanywa somo moja kati ya mengine mwaka uleule tulipomaliza. Sasa watoto wanachora mmea wa mahindi kwenye karatasi, wanapata alama nzuri, na jembe hawajui kulishika.

Usisahau utaratibu wa vipande. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alipewa kipande cha mahindi chenye kigingi cha namba, bila jina, ili mkaguzi asimpendelee mtu. Mwenye kipande bora alipelekwa chuo. Mmoja tu kwa mwaka. Wewe kumi na mbili, mimi kumi na moja, tumepakana. Basi andika pia ulivyoshinda, Profesa. Mahindi yaliyokupeleka chuo hukuyapanda wewe. Yalikuwa yangu, na ulijua.

Kaka yako

Tarehe 17 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na jibu ni fupi: nilijua.

Asubuhi ya ukaguzi tulikuta ng'ombe wameingia shambani wamekula mahindi yangu mpaka mashina. Yalikuwa ya kwanza kwa uzuri na yako ya pili, kila mtu alikubali. Halafu nikaona kigingi changu kimesimama kwenye mahindi yako, mazima kabisa. Nikadhani ng'ombe waliangusha vigingi, mchungaji akavirudisha bila kuangalia. Nilitaka kusema. Mkaguzi akaandika kumi na mbili, nami nikanyamaza. Nilipogeuka ulikuwa unanitazama.

Wivu si wako peke yako. Nikija likizo, watoto wa shule wanakukimbilia wewe, mimi wananisalimia kama mgeni. Mama yangu mzazi akiugua anataka aletwe kwako.

Nitaandika yote kitabuni, ukurasa mzima: kwamba nafasi ilikuwa yako. Mwalimu mkuu amekubali shamba la shule lipewe jina lako siku ya sherehe. Kama una neno, niambie kabla ya mwisho wa mwezi wa nane, maana baada ya hapo kinakwenda kwa mchapaji.

Mdogo wako

Tarehe 2 Septemba

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Sisi tupo. Miezi minne sikukujibu kwa sababu nilikuwa nafurahi. Shemeji yako ameshona gauni la sherehe. Mwalimu mkuu sasa ananisimamisha kuniuliza habari za asubuhi.

Jana mchora mabango aliniita nikague kama jina langu limeandikwa sawasawa. Nikashindwa kulitazama.

Mchungaji hakukosea. Vigingi nilivihamisha mimi, jioni kabla ya ukaguzi, wenzetu wakiwa wanakula. Tangu utotoni wewe wa kwanza mimi wa pili, kwenye hesabu, kwenye mbio, hata kwa mama yangu mzazi. Nikasema basi nipate hii moja tu. Nilitoka kwa haraka kupitia lango la zizi na sikulifunga vizuri. Usiku ng'ombe wakaingia, wakala kipande chako chenye kigingi changu. Nilikuibia mahindi mazuri, yakaliwa, nikabaki na mabua yenye namba yangu.

Baadaye nikaamua kwamba mwizi ni wewe. Nimelishika hilo miaka yote hii mpaka likanikaa kama kweli. Ukiweza, ondoa ukurasa ule.

Kaka yako

Tarehe 19 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Leo sijui hata nikusalimu vipi, lakini nawaombea afya wote. Kitabu kimeshachapwa. Nakala mia tano ziko sebuleni kwangu, na ukurasa ule umo.

Nimeishi kama mwizi, kaka. Nilikataa kuwa mkuu wa idara mara mbili, kwa kuona kwamba hata kiti nilichokalia ni chako. Kumbe kilikuwa changu. Nimekasirika, na hasira hii sijui niipeleke wapi. Tena bado nakuonea wivu, maana wewe umesema bila kubanwa na mtu, mimi nilisema nilipobanwa.

Nitakuja. Mwalimu mkuu amenipangia nisome ukurasa ule mbele ya wazazi na wanafunzi wote, nami nitausoma ulivyo, bila kuruka neno. Utakuwa umekaa mstari wa mbele na shemeji na gauni lake. Nikimaliza nitakukabidhi kipaza sauti, kisha nitakwenda kukaa.

Mdogo wako