Mchuzi wa Samaki Nilioukataa Budapest

Dada Mwanahawa, shikamoo. Natumaini mvua zimefika Vihingo na mihogo imeshika vizuri.

Hapa Budapest hoteli inatulisha sisi wajumbe nyama ngumu kama kandambili. Jana nikamwambia mkalimani wetu, Bwana Imre, "Nipeleke wanakokula wenyeji." Akanipeleka nyuma ya soko, kwenye mkahawa wa mama mkwe wake, wanakokula wachukuzi. Bibi huyo alikuwa amepika samaki wa mtoni, mchuzi mwekundu kwa pilipili, na harufu yake ilinishika tangu mlangoni. Akaja na upawa. "Nikupakulie?"

Nikajibu kama mama alivyotufunza kujibu ugenini: "Ahsante, bibi, nimeshiba." Nikangoja anibembeleze. Akageuka na upawa wake, akasema neno, wachukuzi wakacheka.

"Amesemaje?" nikamuuliza Imre.

"Anasema kumbe hata wakubwa wa kwenu hawali na wabeba mizigo."

Mimi, dada! Mimi niliyepiga meza mkutanoni asubuhi ile ile, nikiwalaani wakubwa wanaojifungia na minofu! Nikaeleza desturi yetu mpaka sauti ikanikauka. Imre alitafsiri huku akicheka, lakini bibi alikwisha kunipa mgongo, na sufuria ilikuwa tupu. Leo tunaondoka. Yule mama atanikumbuka hivyo hivyo.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu wote. Nikifika nyumbani, usiniulize kama nina njaa. Nipakulie tu.

Mdogo wako akupendaye,
Salum