Kamba Niliyoisuka Mwenyewe

Mjukuu wangu Nestori,

Hapa Kawajense tu wazima. Bibi yako analalamikia goti, lakini mahindi kayavuna yote. Umeuliza kama kamba mpya na viatu vipya vinakutosha kupanda miamba ya huko Mwanza na wenzako wa chuo.

Viatu vivae kwanza wiki mbili, hata kwenda sokoni, vikuchubue ukiwa karibu na nyumbani. Kuhusu kamba, nikusimulie.

Nikiwa na umri wako tulikuwa tunarina asali kwenye majabali ya juu ya Karema. Kamba tulisuka kwa magome ya miombo, na desturi ilikuwa msukaji aning'inie kwanza kwenye tawi la chini, wenzake wakimtazama. Siku moja nilikataa. Kamba yangu ilikuwa nzuri, nikaona wananidharau. Kaka yangu Kalisto akasema, "Basi leo asali tunaiacha." Nikaning'inia kwa hasira. Ikakatika, nikaangukia makalio, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia juu jabalini, pale nilipotaka kuifunga.

Yako nayo ijaribu mahali ambapo ukianguka, watu watacheka tu.

Babu yako,
Petro