Miyenzi ya Maman Patricie

Nkanka, tarehe 14 Machi 1999

Kwako kaka yangu mkubwa, Yaya Straton,

Nakusalimu, pamoja na mke wako na batoto wote hapo Kadutu, Bukavu. Naamini u mzima. Matusi uliyoniandikia yanahitaji mtu mwenye nguvu. Mimi pia sijambo, ila jicho la kulia bado linatoa machozi.

Unauliza kama nimekwenda kwa konseye, kiongozi wa sekta yetu, kusema kwamba shamba la marehemu Papa wetu linafika kwenye migomba ya Maman Patricie. Unaniita muoga. Wewe uko Bukavu, ng'ambo ya mto, nchi nyingine. Mimi ndiye ninayepishana na mama huyo kila asubuhi tukienda kuchota maji. Miaka minne tangu nirudi huku kwetu kutoka ukimbizini hajaitikia salamu yangu. Huwaambia watu, ili nisikie, kwamba sisi wa Bukavu tulikuja na magodoro na njaa. Nami humjibu kwamba amekula ndizi za baba yetu miaka thelathini na tano, tangu baba akimbie. Simpendi, na barua hii haitakuambia kwamba nampenda.

Unajua sijaruka siku katika daftari langu tangu sekondari. Jumatano hii nililifungua nijiandae kwenda mbele ya konseye, nikakuta ukurasa mmoja mtupu: Jumapili, 7 Februari. Tarehe ipo, chini yake hakuna neno. Matusi yote ya Maman Patricie hayajawahi kunitia aibu kama karatasi ile.

Jumapili hiyo nilifanya ulichoniagiza. Maman Patricie na watu wake walipokuwa misani, niling'oa miyenzi, ile minyaa ya mpaka yenye utomvu mkali, nikaanza kuipanda hatua kumi na mbili ndani ya shamba lake. Tawi likavunjika, utomvu ukaniingia jichoni. Nilipiga kelele kama niliyechomwa moto. Waliokuja mbio ni Maman Patricie na binti yake Uwamariya, mtoto mgongoni, wakitoka misa. Mama aliona mashimo, akaona matawi mkononi mwangu. Akanisukuma chini: “Wee mutu ya Bukavu, lala chali, usijipanguze!” Akamwamuru Uwamariya anikamulie maziwa ya titi jichoni, kama wafanyavyo hapa. Uwamariya akakataa, akasema heri nipofuke. Mama yake akamfokea kwamba jicho halikung'oa kitu, ni mikono iliyong'oa. Uwamariya akanikamulia mara tatu, huku akinilaani.

Kesho yake nilimsalimu mama huyo. Hakuitikia. Alikwenda kunishtaki, nami nikakana. Konseye akatuita sote wawili tufike kwake Ijumaa hii iliyopita.

Sasa nikuambie, Yaya. Ukurasa ule niliujaza, na Ijumaa niliusoma mbele ya konseye Habineza na watu wote: jinsi nilivyong'oa, nani aliniagiza, na Papa alivyotuambia kabla ya kufa kwamba shamba letu liliishia kwenye miyenzi. Jina lako limo. Watu walicheka, wakaniita mwizi mwenye daftari. Sikuinamisha kichwa. Miaka yote nilidhani mimi ni mtu wa kweli kwa sababu naandika kila siku. Kumbe nilikuwa nachagua ya kuandika.

Jana nilirudisha miyenzi yote mahali pake, peke yangu. Leo asubuhi nilimsalimu tena Maman Patricie. Hakuitikia. Aliponipita tu akasema, bila kugeuka, kwamba jicho hilo nilioshe kwa maji ya uvuguvugu.

Wasalimie wote nyumbani, na mtoto mdogo umbusu kwa niaba yangu. Ukitaka miyenzi ing'olewe tena, vuka daraja uje mwenyewe. Ila njoo na maziwa yako.

Ni mimi dada yako,
Emerance