Gauni Ambalo Sitalituma

Siakago,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Kanana, binti yangu mpendwa, uliyebeba jina la mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo mwingi. Je, mguu wasemaje na baridi ya huko Kanyakine? Yale mafuta ya kupaka ngozi chini ya chuma kinachoutegemeza mguu wako bado unayapata? Na wanafunzi wako, wanakutii? Sisi huku tu wazima. Kaka yako Mwenda huenda ofisini kila asubuhi, mkewe ananitunza kuliko ninavyostahili, na jua la huku laendelea kunishangaza mimi mtu wa migomba na ukungu. Mkono wangu wa kulia, tangu ule ugonjwa wa kupooza, haujarudi kamili. Ndiyo maana mwandiko huu umelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Uniwie radhi.

Barua yako niliipokea. Nilimshukuru Mungu kusikia kwamba harusi yako imetangazwa kanisani. Lakini kuna mstari mmoja nimeusoma mara nyingi hadi karatasi imechakaa kwenye mkunjo. Umeandika: "Kuhusu gauni, Baba, nunua utakaloona linafaa, kama siku zote. Kamba yangu bado unayo." Najua hukuandika kwa kunisuta. Laiti ungenisuta, ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia.

Kamba ninayo, imo ndani ya Biblia yangu. Unakumbuka ilivyokuwa kila Krismasi ilipokaribia: mlisimama mlangoni mmoja mmoja, nami nikawapima kwa kamba ya katani, fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la pindo, kisha nikazitia kamba hizo mfukoni na kwenda nazo Meru mjini. Mwenda alipokua kidogo nilianza kuingia naye dukani ili ajaribu suruali mwenyewe. Wewe nilikuacha sokoni Gakoromone pamoja na mama yako, mmekaa kando ya wauza kabichi, nikakuambia kwamba ngazi za dukani ni nyingi. Hata ulipokwenda chuo cha ualimu nilikupima kwa mara ya mwisho, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikuletea magauni marefu ya rangi ya udongo, nawe ukisema asante.

Mwezi uliopita, Mwenda aliponipeleka Meru kwa daktari, nilipita mbele ya duka lile. Ngazi ni tatu, Kanana. Tatu tu. Sikuogopa ngazi. Niliogopa macho ya watu, mimi niliyefundisha shule ya Jumapili miaka yote hiyo.

Siku hiyohiyo tuliingia duka jingine kuninunulia shati. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwa mwenye duka, naye akamwuliza Mwenda, "Mzee wako anavaa saizi gani? Hebu mwambie ainue mkono." Nikainua mkono. Nikarudi Siakago na shati ambalo vidole vyangu haviwezi kulifunga vifungo.

Huku kuna fundi mmoja, mama aitwaye Igoki, ambaye cherehani yake iko barazani mbele ya duka la unga. Nilimpelekea lile shati.

"Mwalimu," akasema, "nani amekuchagulia huyu adui?"

Kisha akauliza, "Sasa wewe mwenyewe unataka nini?"

Tangu niugue hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamwambia nataka kujifunga shati mwenyewe. Aliondoa vifungo, akashona kulabu kubwa kwa ndani, halafu akavirudisha vifungo juu yake viwe pambo tu. Sasa navaa shati bila kumwita mtu.

Nikajiona nimepata hekima. Nilinunua kitambaa cheupe kizuri, nikachukua kamba yako, nikaenda kwa Igoki nimwagize gauni la harusi, fupi, liishie magotini. Nilitaka chuma chako kisinaswe tena. Maana ile Krismasi ulipoitwa mbele ya kanisa kusema mstari wa Biblia kwa moyo, uliponaswa na pindo ukaanguka na gauni likachanika, mimi nilisema kwa sauti, watu wakisikia, "Nilikuonya utembee polepole." Jioni mama yako, akilishona, aliniambia, "Mwalimu, nguo ndiyo iliyomwangusha mtoto, si mguu." Alikuwa amelipima pindo akaliona limeshuka upande mmoja, kwa sababu siku zote nilikupima upande wa mguu mzuri peke yake. Ule mwingine, ulio mfupi kidogo, sikutaka kuutazama kwa muda mrefu. Mama yako alifariki bila mimi kumwambia kwamba alisema kweli, nawe hadi leo sijakuomba msamaha.

Igoki aliishika kamba akaigeuzageuza.

"Hii ni ya kupima mtu ama ya kufunga mbuzi?"

"Ni ya binti yangu, bibi arusi."

"Ulipima mguu gani?"

"Ule mzuri."

"Na huo mwingine haukualikwa harusini?"

Wanawake waliokuja kununua unga walicheka. Nikamweleza habari ya chuma, na kwamba safari hii nataka fupi.

"Na yeye amesema anataka fupi?"

Nikaanza kukikunja kitambaa.

"Ama hana mdomo?"

"Anao. Ni mwalimu."

"Basi beba kitambaa chako, Mwalimu. Mimi siwezi kushonea mwalimu mzima nguo kama mtoto wa shule ya nasari."

Nilirudi nyumbani na kitambaa kwapani. Mwanzo nilikuficha, na sasa nilikuwa nataka kukuonyesha. Mara zote mbili sikukuuliza.

Kwa hiyo nakuomba radhi, kwa hili na kwa yaliyotangulia, na gauni sitalituma. Nakusihi, kama moyo wako waruhusu, Jumamosi ya pili kuanzia leo uje Meru. Mimi nitakuwa Gakoromone, nimekaa kando ya wauza kabichi, nawe upande zile ngazi tatu za dukani na yeyote umpendaye, uchague. Refu au fupi, jekundu ukitaka. Ukinihitaji nije ndani nitakuja, na mwenye duka akiniuliza habari zako, nitamwelekeza kwako. Ukipenda kushonewa, Igoki asema atakuja mwenyewe, naye hupima pande zote mbili. Na habari ya nani atembee kando yako kuingia kanisani, sitajichukulia nafasi hiyo. Nitakaa utakaponiweka.

Nisalimie shangazi yako, dada yangu, na umwambie dawa ya kifua aliyonitumia imenifaa. Msalimie mchumba wako, ambaye nasikia alikuuliza kuhusu chuma chako siku ya kwanza tu, bila kuzunguka. Amenitangulia kwa miaka mingi. Jirani yetu anayetukamulia ng'ombe mpe mkono wangu wa kushoto, ulio na nguvu.

Ndani ya bahasha nimeitia kamba yako. Mafundo ya bega na kiuno nimeyafungua kwa taabu. La pindo limenishinda, vidole havikazi tena. Nakuomba, mama, unisaidie kulifungua.

Ni mimi baba yako, ninayekungoja,

Zakaria M'Ithinji