Kosa la Mwendo na Kidole Changu

Mama Kibiwott,

Nimeenda korti ya Bungoma. Ikitaka kunyesha, mahindi yaingizwe mapema. Ndama apewe dawa ya minyoo saa nne. Usimwachie mjukuu wako Sally, atamwonea huruma na kumwaga nusu.

Chai niliiacha kwa hasira, si kwa ubaya wake. Wewe hukuwepo Mabanga siku ile nilipokamatwa. Askari alisema pikapu ilikuwa inaenda kilomita tisini na tano kwa saa. Nikaomba kalamu nitie sahihi kwenye bondi ya kuniachilia hadi siku ya korti. Akaleta wino. "Mzee, weka kidole tu, tusichelewe." Miaka minne nilisoma ngumbaru usiku, baada ya kazi ya shamba, halafu kijana ananishika kidole kama mtoto!

Na leo asubuhi ukaniuliza mbele ya wajukuu, "Sasa unaenda kubishana juu ya mwendo, ama juu ya kidole?" Wakacheka. Mimi sikucheka.

~~Nitakana kosa. Nitamwambia hakimu mashine yao ni mbovu.~~

Usisome hapo nilipokata. Tangu alfajiri najaribu kuandika utetezi, na kila nikifika kwa "sikukimbia," mkono unakataa. Nilikimbia. Kwa ule mteremko wa Mabanga niliona mshale umepita tisini, na nilifurahi.

Kwa hivyo nitakubali kosa, na faini nitalipa. Lakini wakinipa karatasi ya kutia sahihi, nitaandika majina yangu yote matatu, polepole, hata foleni ifike barabarani.

Baba Kibiwott