Kulia kwa Nani?

Baba Eunike,

Mtori umo chunguni, upashe mwenyewe. Ule mkungu wa ndizi usiuguse, ni wa mzazi.

Nimekwenda Themi kwa muuza vyuma. Nimempakia punda wa jirani ile transfa, gia ya kupeleka nguvu magurudumu ya mbele, uliyoitupa matopeni asubuhi. Nakwenda kuibadilisha.

Kwake zilikuwa mbili: moja shafti ya magurudumu ya mbele inatokea kulia, nyingine kushoto. Jana nilirudi kukuuliza nichukue ipi, ukajibu kutoka chini ya lori, "Kulia!" Nikaleta ya kulia. Leo haikai, ukanifokea mbele ya watu: "Hata mkono wa kulia huujui?"

Mume wangu, ulikuwa umelala chali, kichwa kikielekea mbele ya lori. Kulia kwako kulikuwa kushoto kwa lori. Kajilaze tena uone.

~~Usinisubiri, nitalala kwa dada.~~ Nisubiri. Weka boliti tayari, na taa ijazwe mafuta. Ulipoondoka kwa hasira kaja mtu kutoka mlimani: uchungu umemshika Eunike, na waliombeba kwa machela wameteleza wakarudi naye nyumbani. Lori linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu halipandi tope lile, unajua. Hatuna njia nyingine ya kumfikisha hospitali ya Nkoaranga. Mungu wangu, mtoto mwenyewe ndiye huyo mmoja!

Siku nyingine sema upande wa dereva au upande wa tanboi. Usiniambie kulia. Kulia nimeshalia.

Mama Eunike