Wamemfutia Binti Mkongojo

Ulikuwa unatazama simu, ndugu yangu! Mhariri anamfutia shujaa wetu mkongojo, wewe unatazama simu!

Eti "watoto wanataka shujaa mzima." Mzima! Ananiambia mimi, niliyemchora yule binti kwa kuutazama mguu wangu huu!

Riwaya tumeisoma tangu utotoni. Binti anafungua pango la zimwi kwa mkongojo ule ule. Sasa kwenye katuni yetu ameshika hewa. Nikamwuliza, "Atafungua kwa kucha?" Akacheka: "Mchoraji, punguza ukali."

Sijasahau kitabu kilichopita walivyomwondoa bibi kizee, eti anatisha. Tulinyamaza, wakatuzoea.

Kurasa zinakwenda kiwandani jioni hii, na mtumaji ni wewe. Usizitume. Rudisha mkongojo sasa hivi, kila ukurasa!